Mkono Nje ya Dirisha

Darasa la jioni lilianza taa zilipowashwa. Madawati yalikuwa ya watoto wadogo waliosoma hapo mchana, kwa hiyo watu wazima waliketi magoti yakikaribia kidevu, na aliyepitisha kiganja chini ya dawati lake alikutana na chingamu iliyokauka ya mtoto wa mtu. Kitinda aliketi nyuma kabisa, pembeni mwa ukuta. Hakukaa huko kwa aibu, ila kwa sababu feni ya dari ilikuwa mbele. Mkono wake wa kulia ulishika kalamu. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka juu, umemshika mama yake kwenye kifundo cha mkono, na mama alielea usawa wa ukingo wa juu wa dirisha, gauni limebanwa vizuri magotini kwa pini, akisoma ubaoni kwa miwani yake.

Aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina hilo halikumwacha hata alipovuka miaka arobaini. Wanafunzi wenzake walikuwa fundi mwashi, mlinzi wa ghala, muuza mboga, na wengine waliokuja siku wakijaliwa. Walimzoea mama upesi. Mwalimu mkuu aliweka sharti moja tu: bibi asiguse taa.

Mama alikuwa dobi. Maisha yake yote alifua nguo za watu na kuzipiga pasi ya mkaa, pasi nzito kama jiwe la msingi. Kwa pasi hiyo alimsomesha mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa alikuwa mkubwa wa mizani kule barabara kuu, malori yanakopimwa kabla ya kuruhusiwa kupita. Kwa pasi hiyo hiyo alimsomesha binti yake wa pili, ambaye sasa aliketi nyuma ya meza katika ofisi ya kazi, akiandikisha wanaotafuta ajira. Ilipofika zamu ya wa tatu, nguo za watu zilikuwa nyingi na mikono ya mama imeanza kuvimba. Kitinda akaacha shule ili asuuze na kuanika. Hakuna aliyemwamuru. Asubuhi moja hakuvaa sare, akashika beseni, basi.

Miaka ikapita. Kaka na Dada, wote wawili wakiwa na uwezo, walikuja siku moja ya mapumziko na zawadi ya kiti cha kuegemea. Wakaiondoa pasi, wakaondoa mabeseni, wakakunja kamba za kuanikia.

"Mama, umetutumikia vya kutosha," Dada alisema. "Kuanzia leo huna kazi tena. Kaa tu."

Mama akakaa. Juma hilo hilo Kitinda aliona kuwa kandambili za mama haziachi alama kwenye sakafu iliyopigwa deki. Baadaye mto wa kiti ukaacha kubonyea. Kisha asubuhi moja alimkuta mama ameegemea dari kwa mgongo, utando wa buibui umemshika nywele, anangoja mtu aamke amshushe anywe chai.

Muuguzi wa zahanati alimpandisha kwenye mizani, na mshale haukutikisika. Alimsikiliza kifua. "Moyo unafanya kazi yake barabara," alisema. "Ni uzito tu ndio haupo. Ajitahidi kula."

Walijaribu kumfunga kamba kwenye mti wa uani. Kamba ikawa nyepesi kama yeye, ikapanda naye, na tawi likaanza kuelekea juu. Walimwekea kinu mapajani, kinu kikapanda naye. Chochote kilichokaa juu yake muda kidogo kilisahau uzito wake. Kumwacha darini nako hakukufaa. Mchana mabati yaliunguza, na kila alipoachwa peke yake alizidi kupanda. Siku Kitinda alipokwenda sokoni akachelewa, alikuta misumari ya pembe moja ya paa imeanza kung'oka na mama anamwomba radhi.

"Sikutaka," alisema. "Nikiwa peke yangu huku juu, najiona kama nimeshaondoka."

Mkono wa mtu ndio pekee uliomweza. Kitinda akamshika. Cherehani aliyokuwa akijipatia riziki nayo akaifunika kitambaa, kwa kuwa cherehani inataka mikono miwili. Akajifunza kupika kwa mkono mmoja, kufua kwa mkono mmoja, na kuomba kwa mkono mmoja. Alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, kiganja cha kulia kimefunguka kumwelekea Mungu, cha kushoto kimemshika mama, na alipomaliza mama aliitika "Amina" kutoka juu. Hakuwahi kuomba mama arudishiwe uzito. Aliona kwamba Mungu anajua alichofanya. Aliomba tu mkono usife ganzi.

Ndipo akaingia darasa la jioni. Alitaka kumaliza alichokiacha, na mama alisema hata yeye huko juu amechoka kutazama dari.

Jioni hiyo mwalimu wa fizikia, mzee mpole mwenye upara, aliandika neno moja ubaoni: kazi.

"Kazi," alisema, "ni kani mara umbali. Unasukuma kitu, kinasogea, umefanya kazi. Kisiposogea, hakuna kazi."

Fundi mwashi aliinua mkono. "Mwalimu, nikisimama na karai la zege kichwani asubuhi nzima nangoja ngazi?"

"Umesimama tu?"

"Nimesimama. Shingo inaingia tumboni."

"Hujafanya kazi."

"Kumbe msimamizi wetu amesoma fizikia," fundi mwashi alisema. "Na mimi nilidhani ni roho mbaya."

Darasa likacheka. Kitinda alingoja kicheko kiishe. "Mwalimu, na anayeshika kitu kisiende juu?"

Mwalimu alivua miwani, akamtazama mama. Alikuwa mtu wa adabu, hakumtumia mtu kama mfano kabla ya kumsalimu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Uzito," alisema mwalimu, "ni nguvu ambayo dunia inakivuta kitu kuja kwake. Mama yako, dunia imeacha kumvuta. Wewe umeshika nafasi ya dunia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Je, mama anapanda?"

"Hapandi. Nimemshika."

"Anashuka?"

"Hashuki."

"Basi umbali ni sifuri. Na chochote mara sifuri ni sifuri." Alilisema kwa upole, jinsi daktari anavyotoa majibu. "Kwa fizikia, hujafanya kazi yoyote. Iandike, huwa inatoka kwenye mtihani."

Kitinda akaiandika. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kinatetemeka, akakiegemeza ukutani.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, yeye chini kando ya mtaro, mama juu usawa wa mabango ya maduka, mama aliinamisha kichwa. "Mwalimu wako ana upara mzuri. Unang'aa kama sahani ya wageni."

"Mama, usimseme mwalimu."

"Namsifu. Ila amesema hufanyi kazi."

"Amesema kwa fizikia."

"Mimi fizikia simjui. Naujua mkono wako, unacheza kama jani."

Kitinda akabadilisha mkono. Kubadilisha mkono kulikuwa na ufundi wake, aliojifunza kwa kukosea. Mkono mpya lazima ushike kwanza, tena kwenye kifundo, si vidoleni. Ukishahisi mapigo ya damu chini ya kidole gumba, ndipo ule wa zamani unaachia. Na usingoje mkono uchoke kabisa, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi hauna habari kwamba umeachia.

Somo la biolojia lilifundishwa na msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alichora mti wenye mizizi mirefu kuliko matawi.

"Kazi za mzizi," alisema. "Ya kwanza, kuushikilia mmea. Ya pili, kunyonya maji."

Kitinda aliacha kalamu hewani. "Mwalimu, mzizi ukishikilia, unasogea?"

"Usogee uende wapi? Ukisogea, mti umeanguka."

"Na bado ni kazi?"

"Ndiyo kazi yake."

"Mwalimu wa fizikia amesema kisiposogea si kazi."

Mwalimu wa biolojia hakukunja uso. "Kwake ni kwake, kwangu ni kwangu," alisema. "Ukiingia hapa unaviacha viatu vya fizikia mlangoni. Ukirudi kwake unavivaa. Wanaofeli ni wale wanaoingia na viatu vya nyumba nyingine."

Kitinda aliandika na hilo. Usiku, akiwa amelala, kifundo cha mama mkononi, alimweleza Mungu kwamba neno hilo moja, kazi, lina nyumba nyingi na yeye hajui ni ipi alimozaliwa. Alimwomba msamaha kama swali lenyewe lilikuwa la kipumbavu. Kisha akalala.

Mama akageuka mwalimu wa nyumbani. Kitinda alimnyanyulia daftari, naye akauliza maswali kutoka juu, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuhesabu mashati ya wateja.

"Uzito na tungamo, tofauti yake?"

"Tungamo ni kiasi cha kitu chenyewe. Hakibadiliki. Uzito ni mvuto wa dunia kwa kitu hicho. Huo unaweza kubadilika."

"Kwa hiyo mimi bado nina tungamo?"

"Unalo lote, mama. Hakuna kilichopungua."

Mama aligeuza ukurasa. "Hilo zuri," alisema. "Swali linalofuata."

Nyakati hizo, mama akiwa ameshika daftari na kukemea majibu ya ovyo, Kitinda aliona mkono wake hauvutwi sana. Vidole vya miguu ya mama vilishuka hadi vikakaribia kugusa mkeka. Daftari likifungwa, vinapanda tena. Kitinda hakumwambia mtu. Aliongeza tu masaa ya kusoma.

Mtihani ulikuwa mara moja kwa mwaka, asubuhi, ghorofani katika shule kubwa ya ng'ambo ya mji. Kanuni zilikuwa wazi: ndani ya chumba anaingia mtahiniwa peke yake. Akiukosa mwaka huo, Kitinda angelazimika kurudia masomo yote. Na hakuwa na hakika kwamba mkono wake una mwaka mwingine wa namna hiyo.

Akawaita Kaka na Dada. Walikuja jioni ya siku ya mapumziko, wakaketi, wakanywa chai. Mama alikuwa juu ya meza, amejikunja ili asiguse balbu.

"Asubuhi moja tu," Kitinda alisema. "Mmoja wenu amshike mama, nifanye mtihani."

Dada aliweka kikombe chini. "Mdogo wangu, unatuomba kama vile sote tunashinda nyumbani. Sisi tuna kazi."

"Na mimi je?"

"Sikuvunjii heshima. Nakwambia tunavyoandikisha kule ofisini. Kazi ina mwajiri, ina mkataba, ina saa ya kuingia na saa ya kutoka. Wewe mwajiri wako ni nani? Saa yako ya kutoka ni ipi?"

"Sina saa ya kutoka."

"Ndiyo hapo sasa."

"Nipo hapa juu," mama alisema. "Nawasikia."

"Hatukusemi wewe, mama. Tunamweleza Kitinda."

Kaka alikuwa anamtazama mama kwa jicho la kupima, jicho alilolitumia kutwa barabarani. Alikuwa mtu wa haki. Hakuwahi kulipitisha lori lililozidisha wala kulizuia lori tupu. "Mzigo ni mzigo ukiwa kwenye mizani," alisema. "Nje ya mizani ni maneno tu. Muuguzi aliona nini?"

"Mshale haukusogea," Kitinda alisema.

"Basi hakuna mzigo. Wewe unachoka kwa nini?"

"Kaka, mshike tu uone."

Kaka alipanda kiti, akamshika mama kifundo. Mkono wake ukanyooka. Visigino vikainuka kidogo kutoka kwenye kiti. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akamrudishia Kitinda, akajipangusa shati.

"Nitakuja," alisema kwa shingo upande. "Siku hiyo natoka zamu ya usiku. Asubuhi moja si neno."

Kitinda alimfundisha jinsi ya kubadilisha mkono. Alimfundisha mara mbili. Dada alisema mama ana bahati ya watoto, na kwamba yeye angekuja pia kama si kazi.

Asubuhi ya mtihani Kaka alikuja, macho mekundu ya usingizi, koti la kazi bado mwilini, mizani yake ya kuning'iniza mfukoni. Alitembea nayo siku zote, kama wengine wanavyotembea na kitana. Kitinda alimkabidhi mama uani mwa shule, kwenye kivuli cha ukuta.

"Kifundo, siyo vidole," alisema.

"Nimesikia."

"Mkono mpya kwanza."

"Mdogo wangu, nenda."

Mama alimshika Kitinda kichwani kwa mkono uliokuwa huru, akamwombea kimyakimya, midomo tu ikicheza. Kitinda akapanda ngazi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na wa kushoto ulikuwa unainuka wenyewe. Akautia mfukoni.

Alipewa dawati la dirishani. Dirisha lilikuwa la vioo vya kusukuma, limefunguliwa kwa ajili ya joto. Msimamizi wa mtihani, mama wa makamo mwenye viatu visivyo na sauti, alisoma kanuni, akagawa karatasi. Lilikuwa somo la sayansi, sehemu ya kwanza fizikia, sehemu ya pili biolojia. Kitinda alifumba macho, akasema neno moja na Mungu, akaanza.

Alikuwa amejibu maswali machache ya mwanzo alipoona kitu cha buluu kikipanda nje ya dirisha. Ilikuwa kandambili. Ndani yake mlikuwa na mguu.

Mama alikuwa anapanda polepole, mgongo umenyooka, gauni limebanwa kwa pini, miwani imekaa sawa. Alimwona Kitinda, akampungia mkono kama mtu aliye ndani ya gari linaloanza kuondoka.

"Endelea, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, asiwasumbue wengine. "Wewe endelea tu."

Kitinda hakupiga kelele. Alitoa mkono wa kushoto nje ya dirisha, akadaka pindo la gauni, kutoka pindo akafika kwenye kiwiko, na kutoka kiwiko akafika kwenye kifundo. Alipohisi mapigo ya damu chini ya kidole gumba, akavuta pumzi.

Watahiniwa wengine walitazama, kisha wakarudi kwenye karatasi zao, maana muda ulikuwa unakwenda. Msimamizi alikuja bila sauti, akasimama kando ya dawati.

"Huyo ni nani?"

"Mama yangu."

"Yuko ndani ya chumba au nje?"

"Nje."

"Na wewe?"

"Ndani."

"Mkono?"

Kitinda aliutazama. "Nusu kwa nusu."

Msimamizi alipitia kanuni tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mtahiniwa asitoke kwenye kiti. Kitinda alikuwa kwenye kiti. Asipokee kitu kutoka nje. Hakuwa amepokea, alikuwa amezuia kisiondoke. Asizungumze na mtu. "Kalamu iko mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi andika. Ila yeye asisome maswali."

Mama aliposikia hivyo alivua miwani akaifumbata, na ili asishukiwe akafumba na macho. Alikaa hivyo hewani, nje ya ghorofa, upepo ukimchezea nywele, uso mtulivu kama wa mtu anayengoja zamu yake ya kuomba.

Chini uani, Kaka alikuwa amesimama akitazama juu, mkono wake wa kulia bado umeinuliwa.

Aliyotenda hayakuwa ya ubaya. Alimshika mama vizuri mpaka bega likaanza kuuma. Alipoona linauma, akajiuliza linaumwa na nini. Akatoa mizani, akaitundika kwenye mkanda wa gauni la mama. Mizani hiyo, kama zile za kazini kwake, haikuwa na namba chini ya sifuri, kwa kuwa hakuna lori lililowahi kuzihitaji. Mshale ukalala kwenye sifuri. Kaka alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Na kwa mazoea ya miaka yote, mbele ya chombo ambacho mizani imesema hakina mzigo, aliinua mkono juu akasema, "Pita."

Mama akapita.

Kitinda aligeuza karatasi. Swali lililofuata lilikuwa lile ambalo mwalimu wa fizikia alisema huwa linatoka. Mtu amesimama wima kwa saa nzima, ameshikilia mzigo bila kuusogeza. Je, amefanya kazi kiasi gani?

Alilisoma, akalirudia. Ubao wa dirisha ulikuwa unamkata kwapani. Bega lilikuwa linawaka, na jasho lilidondoka kwenye ukingo wa karatasi, akalifuta kwa kiwiko. Kwenye nafasi ya jibu palikuwa na mstari mmoja mfupi. Yangetosha hapo maneno machache tu, na Kitinda alikuwa nayo, yalikuwa yamemjaa mdomoni tangu ile chai ya siku ya mapumziko, na mengine tangu siku ya beseni. Alimtazama mama. Mama alikuwa amefumba macho na anatabasamu, kwa sababu alikuwa anasikia kalamu.

Kitinda akakumbuka yuko nyumba gani, na viatu gani vimo miguuni. Akaandika: Sifuri.

Akaendelea. Umeme, mwanga, joto. Mkono haukuweza kubadilishwa, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kazi yake. Ulipoanza kufa ganzi alimnong'oneza Mungu, "Bado kidogo," naye mama akadhani ameambiwa yeye, akaitika, "Hamna haraka." Msimamizi akakohoa.

Sehemu ya pili ilianza kwa mti uliochorwa vibaya. Taja kazi mbili za mzizi.

Kitinda aliandika: Kwanza, kushikilia. Akatulia, akalitazama neno hilo mpaka likamtosha. Kisha akaandika: Pili, kunyonya maji.

Kengele ilipolia, msimamizi alichukua karatasi yake baada ya nyingine zote. Halafu, bila kusema kitu, alimshika mama kifundo kwa mkono mmoja, imara, kama aliyewahi kufanya hivyo kwingine. "Jinyooshe," alimwambia Kitinda. "Haimo kwenye kanuni, lakini mtihani umekwisha." Kitinda alijinyoosha. Wakamwingiza mama kupitia dirishani, miguu kwanza, wakashuka naye ngazi.

Kaka aliwangoja chini. "Nilimpima," alisema. "Ilisoma sifuri."

"Najua, Kaka."

"Mizani yangu haidanganyi. Nimeihakiki mwezi huu."

"Haidanganyi."

Alisimama kidogo, akiisugua kwa kidole gumba. "Bega linaniuma," alisema, kwa sauti ya mtu anayeripoti hitilafu ya chombo. Kisha akaenda nyumbani kulala, kwa kuwa usiku alikuwa na kazi.

Matokeo yalipotoka, Kitinda alikuwa amefaulu. Mwalimu wa fizikia alimpongeza, akamwambia swali la kushikilia mzigo wengi walilikosa, walitia huruma mahali pa hesabu. Mwalimu wa biolojia alimpongeza kwa sauti iliyofika barabarani. Fundi mwashi, aliyekuwa amefeli kwa sababu ya karai la zege, alisema atarudia mwaka kesho na safari hii hatabishana na mtu.

Dada alikuja na keki. Alimbusu mama mguuni, maana ndio uliokuwa karibu, akamkumbatia mdogo wake kwa upande. Alifurahi kweli, machozi yalimlengalenga.

"Hongera, Kitinda. Sasa una cheti. Uje ofisini nikuandikishe, na wewe upate kazi."

"Na mama?"

"Mama atakaa tu. Ana shida gani?"

Kitinda alikata keki kwa mkono mmoja, akampa Dada kipande kikubwa.

Darasa la mwaka wa pili lilianza majuma machache baadaye. Mama alikuwa ameshajua kwamba kutakuwa na somo jipya, na alitaka wawahi nafasi ya pembeni mwa ukuta. Walitoka taa za maduka zikianza kuwaka, Kitinda kando ya mtaro, daftari limebanwa kwapani, mama juu usawa wa mabango, akimsomea majina ya maduka moja baada ya jingine ingawa Kitinda aliyajua yote.

Kwenye kona mama aliacha kusoma mabango. Kisha akauliza, "Umechoka?"

"Kwa fizikia, mama, sijafanya kitu."

"Nimekuuliza wewe. Sijamuuliza fizikia."

Kitinda alisimama. Aliinua mkono wa kulia, akashika kifundo, akangoja mpaka akahisi mapigo chini ya kidole gumba. Ndipo akaachia wa kushoto, akauning'iniza ubavuni damu irudi, wakavuka barabara.